Kichocheo cha mwanga kwa jua la Kisumu: kukipika, kukiboresha na kukipima

Siku niliyoamini nimefaulu, nilikuwa juu ya paa la maabara hapa Kisumu, saa tano asubuhi, mbele ya bilauri mbili za maji ya bluu. Moja niliitia unga wa njano niliouhangaikia wiki nzima, nyingine ilikuwa na rangi tupu. Ilipofika saa saba ile ya unga ilikuwa imepauka, nami nikatoa simu nianze kupiga picha. Mzee anayetunza jengo alipanda na ufagio wake, akatazama kidogo, akauliza: "Mwalimu, na hii haujatia dawa, mbona nayo imepauka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiangalia bilauri moja tu. Ndiyo maana katika mwongozo huu wa kutengeneza kichocheo cha mwanga, yaani unga unaotumia nguvu ya mwanga kuvunja uchafu majini, sehemu ya kupima ni ndefu kuliko ya kupika. Kupika unga wa njano ni kazi ya siku moja. Kuthibitisha kwamba ni mwanga unaoonekana kwa macho uliofanya kazi, na si kitu kingine, ndiko kunakowashinda wengi.

Tatizo lenyewe

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walichapisha kwamba elektrodi ya titani dioksaidi ikimulikwa inaweza kupasua maji. Tangu hapo titani dioksaidi, au titania kwa kifupi, imekuwa mfalme wa vichocheo vya mwanga: ni rahisi kupatikana, haiyeyuki majini, haichakai. Inavyofanya kazi ni hivi. Titania ni semikonda, kitu kinachopitisha umeme nusunusu. Ndani ya semikonda elektroni zimejaa ngazi ya chini ya nishati, ngazi ya juu iko tupu, na katikati pana pengo. Mwale wenye nishati ya kutosha huirusha elektroni juu, na nyuma yake hubaki tundu. Elektroni hukamatwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Tundu nalo huinyang'anya elektroni maji au uchafu wenyewe. Katika vurugu hiyo huzaliwa chembe kali, na rangi, mabaki ya dawa na hata bakteria huvunjwavunjwa. Elektroni nyingi, hata hivyo, hurudi tunduni mwao kabla ya kufanya lolote, na nishati yote huishia kuwa joto.

Hesabu ya kukumbuka ni moja: gawanya 1240 kwa pengo la nishati katika elektroni-volti, utapata urefu wa wimbi la mwisho, kwa nanomita, ambao kichocheo kinaweza kuutumia. Titania ya aina ya anatasi ina pengo la 3.2, kwa hiyo inaishia kama 387. Jicho letu linaanza kuona karibu na 400. Yaani titania inakula miale ya urujuanimno peke yake, na miale hiyo ni kama asilimia 4 hadi 5 tu ya nishati ya jua inayofika chini. Mwanga unaoonekana hubeba zaidi ya asilimia 40. Sisi tuko hatua chache kutoka ikweta, mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, jua limejaa tele, na titania inapitisha karibu lote bila kuligusa.

Hatua ya kwanza: chagua njia kabla ya kununua chochote

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuichanganyia titania elementi nyingine kidogo, hasa nitrojeni, ili ipate ngazi ya katikati ndani ya pengo. Asahi na wenzake waliifanya ivume mwaka 2001. Ya pili ni kuiacha titania na kutafuta semikonda yenye pengo dogo. Ya tatu ni kuunganisha mbili, moja ishike mwanga na nyingine ipokee elektroni.

Usidhani pengo likizidi kuwa dogo ndivyo mambo yanavyozidi kunoga. Kadmiamu salfaidi ina 2.4, lakini mwanga huohuo unaoiamsha huimong'onyoa na kuacha kadmiamu majini, na hakuna mtu wa ufuoni atakayekushukuru kwa hilo. Hematiti, ambayo kimsingi ni kutu, ina kama 2.2 na haina bei, ila tundu zake hufa baada ya kusafiri nanomita chache. Tungsteni oksaidi inashika mwanga wa bluu vizuri, lakini elektroni zake zimekaa chini mno, haziwezi kuikabidhi oksijeni elektroni mojamoja bila msaada wa metali kama platinamu. Bismuthi vanadati, yenye 2.4, ni nzuri kweli, ila kemikali zake itabidi uziagize na kuzingojea.

Mimi ninawaanzisha wanafunzi wote na kaboni nitraidi, unga wa njano ambao Xinchen Wang na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba unaweza kutoa hidrojeni majini kwa mwanga unaoonekana. Pengo lake ni 2.7, kwa hiyo unafika karibu nanomita 460, ndani kabisa ya bluu. Hauna metali. Na malighafi yake inauzwa kwa kilo kwenye agrovet: urea, ileile ya kutia kwenye mahindi.

Hatua ya pili: hakikisha urea ni urea

Hapa naomba usome polepole. Kuna duka nililoenda, magunia yamefunguliwa yote, muuzaji anachota kwa kikombe. Niliitisha urea, nikapewa mfuko usio na maandishi. Chembe hazikuwa nyeupe sana, zilikuwa na ukijivu fulani. Nikaweka kijiko kimoja kwenye sahani, nikadondoshea siki, ikaanza kutoa povu. Hiyo ilikuwa CAN, mbolea nyingine ya shambani. Ndani ya CAN mna chokaa, ndiyo inayotoa povu, na mna amonia nitrati, kitu ambacho hakipaswi kabisa kutiwa kwenye tanuri. Kinaweza kulipuka.

Kwa hiyo nunua mfuko ulioshonwa kiwandani wenye namba 46-0-0, kisha bado ufanye kipimo cha siki. Urea hainyanyui hata kipovu kimoja. Kipimo kingine ni kwa mkono: tia vijiko viwili kwenye bilauri ya maji kidogo, koroga, shika chini. Bilauri inakuwa baridi kama imetoka friji. Ila CAN nayo hupoza maji, kwa hiyo ubaridi peke yake usikuridhishe. Siki ndiyo hakimu.

Urea ya shambani hupakwa kemikali ili isigandamane, kwa hivyo isafishe. Iyeyushe kwenye maji ya moto, lakini yasiyochemka, chuja kwa karatasi, acha ipoe polepole usiku kucha, chukua fuwele nyeupe zilizoota, zikaushe kwa joto lisilozidi nyuzi 60. Ukiwa na urea ya maabara, ruka haya yote.

Hatua ya tatu: kupika

Saga gramu 20 za urea kwenye kinu cha kauri. Jaza kikombe cha kauri nusu tu, kwa sababu urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 kisha hufura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Funika. Kifuniko ni lazima: mara ya kwanza nilipika bila kifuniko, nikafungua tanuri nikakuta kikombe cheupe, safi, kitupu. Kila kitu kilikuwa kimepaa. Wengine huzungushia karatasi ya alumini juu ya kifuniko, na inasaidia.

Panga tanuri lipande nyuzi 5 kwa dakika hadi 550, likae hapo saa 3, kisha lizime lipoe lenyewe. Bomba la hewa lazima liwe linafanya kazi, maana amonia itakayotoka itakutoa machozi, na mvuke mwingine unaoandamana nayo ni sumu mbaya zaidi. Usipike kwenye chumba kisicho na bomba, na usijaribu jiko la nyumbani.

Stima ikipotea katikati, andika saa na joto lililokuwa limefikiwa. Ikiwa lilikuwa chini ya 500, usiendeleze pale lilipoachia ukajidai ni upishi mmoja. Anza upya. Nina kopo la unga wa rangi ya maziwa uliotokana na upishi wa namna hiyo, na hakuna vipimo viwili vyake vinavyolingana.

Kutoka gramu 20 utapata unga mchache wa kukatisha tamaa, kama kijiko cha chai kimoja, pengine chini ya gramu moja. Ni kawaida. Melamini, malighafi nyingine ya unga huu, hutoa zaidi ya hapo kwa mbali, karibu nusu ya uzito wake, lakini unga wake ni mzito na una uso mdogo, na kazi yote ya kichocheo hufanyika usoni. Osha unga wako kwa asidi ya nitriki nyepesi ya 0.1 M, kisha kwa maji yaliyokenekwa mara tatu au nne, ukaushe usiku mzima kwa nyuzi 80.

Hatua ya nne: kuboresha

Boresho la kwanza halina gharama ila umeme. Tandaza unga kwenye sahani ya kauri iliyo wazi, tabaka jembamba, urudishe tanurini kwa nyuzi 500 kwa saa 2. Kaboni nitraidi imepangwa kwa matabaka kama chapati zilizorundikwa, na joto pamoja na hewa huyala yale ya pembeni na kuyaachanisha yanayobaki. Utapoteza unga mwingi, tena sana, lakini unaobaki ni mwepesi kiasi kwamba ukipumua karibu unaruka. Uso wake huongezeka mara kadhaa.

Sasa angalia rangi: njano imefifia. Pengo limepanuka kidogo, kichocheo kinashika mwanga pungufu kuliko mwanzo, na bado kazi yake huwa ya kasi zaidi kwa sababu elektroni zina safari fupi kufika usoni. Mwanafunzi anayehukumu unga kwa unjano wake atautupa huu na kubaki na ule mbovu.

Boresho la pili ni kuuoanisha na titania. Chini ya mwanga wa bluu kaboni nitraidi ndiyo inayoamka. Elektroni zake ziko juu kuliko nafasi tupu za titania, kwa hiyo zinateremkia huko, tundu zinabaki upande wa pili, na kurudiana kunapungua. Saga gramu 0.7 za kaboni nitraidi na 0.3 za titania pamoja na ethanoli kidogo hadi ikauke kinuni, halafu funika na upashe kwa nyuzi 400 kwa saa 2. Fanya pia 9 kwa 1, na 5 kwa 5. Halafu tengeneza sampuli ya nne yenye viungo vilevile vilivyotikiswa tu kwenye chupa bila kupashwa. Ikiwa hiyo ya kutikiswa inafanya kazi sawa na ya kupashwa, basi hujaunganisha kitu, umechanganya tu.

Tafadhali usinunue titania ya dukani ya kutengenezea rangi ya nyumba. Fundi mmoja aliniletea kilo nzima kwa nia njema. Hiyo kwa kawaida ni rutaili, aina nyingine ya titania, iliyovikwa silika au alumina makusudi ili isiwe kichocheo, maana ikiwa kichocheo itakula rangi iliyomo na ukuta utaanza kutoa unga kama chaki. Ni kazi nzuri ya watu wa rangi, ila kwako haina faida. Tafuta titania ya maabara, anatasi, au ile iitwayo P25, mchanganyiko wa anatasi na rutaili.

Kuhusu kuichanganyia titania nitrojeni kwa kuisaga na urea na kuipasha kwa nyuzi 400: inawezekana, inageuka njano hafifu, na watu wengi huandika kwamba nitrojeni imeingia ndani ya fuwele. Mwaka 2008 Mitoraj na Kisch walionyesha kwamba urea ikitumika hivyo, unjano hutokana na vipande vya familia ileile ya kaboni nitraidi vilivyoshikamana juu ya titania. Kwa hiyo huenda njia ya kwanza uliyodhani unaifuata ni njia ya tatu iliyovaa kanzu nyingine. Ukipasha zaidi ya 500 unjano hupungua na faida nayo hupungua.

Hatua ya tano: taa isiyo na urujuanimno

Taa ya LED nyeupe ya kawaida, ile ya wati 50 ya kumulika ua, ndiyo rafiki yako. Mwanga wake hutokana na LED ya bluu ya karibu nanomita 450 iliyopakwa unga wa kung'aa, na urujuanimno hauna. Ifunge sentimita 15 juu ya bilauri, weka bilauri ndani ya beseni la maji ili joto lisipande, na upime joto hilo.

Ukitaka jua lenyewe, lazima uchuje. Nina mbinu rahisi kuliko vichujio vya kioo vya kuagiza: sodiamu nitraiti, gramu 69 kwa lita ya maji, kwenye sahani ya kioo yenye kina cha sentimita 2, iwekwe juu ya bilauri. Maji hayo ya njano hafifu huzuia miale iliyo chini ya nanomita 400. Ni sumu, kwa hiyo yasiwekwe hata dakika moja kwenye chupa ya kunywea. Funika pande zote za bilauri kwa karatasi ya alumini, jua lipite juu tu.

Fanya kazi ya paani kati ya saa tatu na saa sita mchana. Baada ya hapo mawingu ya ziwani huanza kujikusanya, na alasiri mvua ya radi ikipiga utakimbia na bilauri mkononi. Sampuli zote unazotaka kuzilinganisha zimulikwe kwa pamoja, siku ileile, saa ileile. Jua la Jumanne halilinganishwi na la Alhamisi.

Hatua ya sita: kupima, na hapa ndipo penyewe

Andaa mililita 100 za buluu ya methilini yenye miligramu 10 kwa lita. Tia miligramu 50 za unga. Funika yote kwa alumini, koroga gizani kwa dakika 30 hadi 60. Gizani rangi itapungua bila kuvunjwa, kwa kunatana na unga tu, na ni kipimo cha baada ya giza, si cha kabla, kinachokuwa sifuri yako. Kisha washa taa. Kila dakika 15 vuta mililita 4, uzizungushe kwenye sentrifuji hadi unga wote ukae chini, usome kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa, kwenye nanomita 664. Unga ukibaki umeelea, mashine itausoma kama rangi.

Hesabu ni logi asilia ya kipimo cha mwanzo ukigawanya kwa kipimo cha wakati huo. Ichore dhidi ya dakika. Ikinyooka, mteremko ndio kasi yako. Mfano: ukianza na 0.80 na baada ya dakika 60 ukapata 0.40, logi asilia ya 2 ni 0.693, na kasi ni 0.0116 kwa dakika.

Bilauri zinazohitajika kila mara ni hizi: unga wako kwenye mwanga, unga wako gizani kwa muda wote, rangi tupu kwenye mwanga, titania tupu kwenye mwanga huohuo, na unga wa msingi ambao hujauboresha. Tano. Ile ya tatu ndiyo mzee aliyoniuliza.

Ya nne ina siri yake. Titania tupu chini ya taa isiyo na urujuanimno haipaswi kufanya chochote, lakini rangi ya bluu itapungua. Kwa sababu gani? Buluu ya methilini yenyewe inafyonza mwanga, ndiyo maana tunaiona, na ikiamshwa huisukumia titania elektroni na kujiharibu yenyewe. Rangi imekuwa ndiyo injini. Pia inaweza kugeuka kuwa umbo lisilo na rangi bila kuvunjika. Likague kwa kuacha sampuli iliyopauka wazi usiku, ukiitikisa mara kwa mara. Bluu ikirudi, hukuvunja kitu. Kilele cha ufyonzaji kikihama kutoka 664 kwenda upande wa 610, molekuli inanyofolewa vikonyo, bado haijaisha.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanywe kwa kitu kisicho na rangi. Mimi hutumia parasetamoli safi, miligramu 10 kwa lita, inayosomwa kwenye nanomita 243. Tembe za dukani zina wanga na vitu vingine, kwa hiyo chuja au utafute unga safi. Wengi hukimbilia asidi ya salisiliki kwa sababu inatoa zambarau nzuri kwa chuma kloraidi. Ikikutana na titania hujishika usoni na kutoa unjano unaofyonza mwanga unaoonekana, na tunarudi kwenye mtego uleule kwa mlango wa nyuma. Kwa kaboni nitraidi peke yake inavumilika, kwa mchanganyiko wenye titania iache.

Ikiwa kasi ya unga wako kwenye parasetamoli, chini ya LED, inazidi waziwazi ya bilauri nyingine nne, na umerudia mara tatu, hapo sasa piga picha.

Hatua ya saba: marudio na maji ya ziwa

Kusanya unga, uoshe, ukaushe, uutumie tena mara nne au tano. Pima uzito kila mara, kwa sababu kushuka kwa kasi mara nyingi ni unga uliomwagika wakati wa kuosha wala si kichocheo kilichochoka.

Maji ya ziwa yaje mwisho. Nenda ufuo wa Dunga hapa Kisumu au popote utakapo, uchote mbali kidogo na magugu maji, uchuje kwa kitambaa kisha kwa karatasi, halafu uyatie parasetamoli kiasi kilekile. Kasi itaanguka. Bikabonati iliyomo hunyakua zile chembe kali kabla hazijafika kwenye dawa, mabaki ya mimea hujipaka juu ya unga, na ukijani wa maji hula mwanga wa bluu ambao ndio chakula cha kaboni nitraidi. Usijaribu kulitibu hilo kwa kuongeza unga tu: ukizidisha, chembe za juu huzitia kivuli za chini. Panda kwa hatua, miligramu 50, 100, 150, uone kasi inagota wapi. Maji yaliyotibiwa hivi hayanywewi, hata yakiwa meupe kama ya chupa, maana vipande vya dawa iliyovunjika bado vimo, na unga mwembamba hupenya karatasi ya kuchujia.

Chupa ya maji ya ziwa iandike saa na mahali ulipochota. Maji ya asubuhi tulivu na ya jioni baada ya mvua si maji yaleyale.